Nilivyomsindikiza Gogo Hana kwa Wacheki

Tangu nirudi siwezi kukata kitambaa kwa amani. Kila anayeingia kwenye chumba changu cha kushonea hapa Troyeville anataka habari za Ucheki, na kila mmoja ana swali lake. Wamama wa kwaya wanauliza tulikula nini. Fundi mwenzangu Mrundi anauliza kama watu wale wanajua kushona. Mume wangu, Baba Neema, anauliza kwa nini siku hizi naongea taratibu kwenye simu. Nimeona niandike mara moja, anayetaka asome. Mambo ya viza na tiketi nayaruka. Mnayajua, na hayana utamu.

Kutoka Bezuidenhout Valley

Gogo Hana ni mteja wangu wa miaka kumi na mmoja. Ni Mcheki, mjane, ana miaka sabini na tisa, na alikuwa akiishi peke yake Bezuidenhout Valley. Alikuja mara ya kwanza kupunguza suruali za mumewe. Mume alipofariki aliendelea kuja, akileta nguo ambazo hazikuwa na tatizo lolote. Namfungulia mshono, naufunga upya, tunaongea. Gogo ndivyo tunavyowaita bibi hapa Johannesburg, na jina hilo alilipenda kuliko la kwao.

Aliondoka kwao akiwa na miaka ishirini na miwili, yeye na mchumba wake, majeshi ya nje yalipoingia nchini na vifaru. Alimwacha mama yake na mdogo wake wa kike, Vlasta, aliyekuwa ndiyo kwanza anamaliza shule. Mama alifariki mipaka ikiwa bado imefungwa. Ilipofunguliwa Gogo akamwandikia mdogo wake. Hakujibiwa. Akaandika kila Krismasi, miaka nenda miaka rudi, na hakujibiwa, wala hakujua kosa lake. Alidhani ni kwa sababu hakumzika mama.

Mwezi wa nane akaja kwangu na kadi ya posta. Upande mmoja picha ya bwawa, upande wa pili mstari mmoja wa maandishi.

"Anasemaje?" nikamuuliza.

"Anasema mwaka huu uyoga ni mwingi."

"Halafu?"

"Basi. Esperance, ananiita nyumbani."

Nilidhani ni uzee. "Sasa mbona hakuandika 'njoo'?"

"Akiandika 'njoo' halafu mimi nisije, uso wake atauweka wapi?" Akaikunja miwani yake. "Umewahi kupanda ndege?"

Mwanawe anaishi Australia na hakuweza kutoka kazini. Akanipigia yeye mwenyewe, akaniomba nifuatane na mama yake kwa wiki mbili kwa sababu ya magoti mabovu ya Gogo. Baba Neema alifikiri siku tatu, kisha akasema, "Nenda. Akianguka huko peke yake, wewe hutalala." Nikaenda Newtown kumtafutia Vlasta kitenge kizuri, tukaondoka.

Istanbul, saa sita za ukungu

Tulifika Istanbul asubuhi. Tulipaswa kukaa kidogo tu, lakini Praha kulikuwa na ukungu na ndege haikuweza kutua huko. Tukaambiwa tusubiri, na hakuna aliyejua mpaka saa ngapi.

Nilijiandaa kusikia kelele. Ukumbi ulikuwa umejaa Wacheki wanaorudi kutoka likizo, na ninajua watu wa Johannesburg wangefanya nini pale kwenye meza ya wafanyakazi. Hakuna aliyesogea. Walitikisa vichwa, wakasema neno moja kila mtu, kama watu waliotarajia jambo hilo tangu wanazaliwa. Kisha wakafungua mifuko yao, na ukumbi mzima ukanukia nyama.

Mwanamume mmoja mnene aliyekaa mkabala nami alikuwa na kifurushi cha karatasi ya foili. Ndani mlikuwa na nyama ya nguruwe iliyopondwa ikawa nyembamba, ikakaangwa kwa chenga za mkate na kutiwa katikati ya vipande viwili vya mkate. Alinitazama, akatazama mikono yangu mitupu, akaninyooshea kimoja. Hakutabasamu hata kidogo. Nilidhani amekasirika.

"Chukua," Gogo akaniambia. "Usipochukua ndipo atakasirika."

Ilikuwa tamu, ingawa imepoa. Nikataka kumrudishia wema, na kwa kuwa alijua Kiingereza nikamuuliza, "How are you?" Kwetu Johannesburg mtu hujibu "sharp" na mambo yanaishia hapo. Yule bwana aliweka mkate wake chini, akafikiri, akaanza. Goti la kushoto lilikuwa linamuuma tangu mwezi wa tatu. Mkwewe alikuwa ameezeka paa vibaya na maji yalikuwa yanaingia chumba cha kulala. Likizoni mkewe alikuwa ameungua jua, na samaki walikuwa na miiba. Nilimsikiliza zaidi ya nusu saa. Alipomaliza alikuwa na uso wa mtu aliyepumzika.

"Ana shida nyingi, maskini," nikamnong'oneza Gogo.

"Hana shida yoyote. Huyo ni mtu mwenye furaha. Sisi ukituuliza hali, tunaamini umeuliza."

Alasiri ukungu ukaondoka na sisi tukaondoka.

Treni kimya

Stesheni kuu ya Praha nilimkalisha Gogo kwenye benchi, nikaenda kununua maua. Sikutaka kufika mikono mitupu, na kitenge kilikuwa chini kabisa ya sanduku. Nikachagua mawaridi kumi na mawili, meupe. Muuza maua alinishika mkono kwa upole alipokuwa akinipa, nikaona kumbe hawa watu wana huruma, ni kuwazoea tu.

Treni ya kwenda Tábor, mji ulio karibu na kijiji cha Vlasta, inachukua kama saa moja na nusu. Niliingia nikawasalimu wote "dobrý den", kama Gogo alivyonifundisha. Wote wakaitikia vizuri sana. Kisha ikawa kimya, kimya cha maktaba. Watu walisoma, mbwa alilala chini ya kiti, mabwawa na miti ilipita dirishani. Ndipo Baba Neema akapiga simu. Nikampa habari za ndege, ukungu na nyama, kwa sauti ile ile ninayotumia nikiwa cherehanini. Mama mmoja mwenye koti la kahawia akaniangalia, akamwambia Gogo maneno mawili matatu.

"Anasemaje?"

"Anauliza kama mume wako hasikii vizuri."

Nikakata simu, uso unawaka moto. Safari iliyobaki nilimwona mama yule kama adui. Tulipofika Tábor, kabla sijainuka, alikuwa ameshashusha sanduku letu. Akalibeba mwenyewe mpaka nje, akatuuliza tunaenda kijiji gani, akakimbia mbele yetu kulizuia basi, maana lilikuwa linaondoka. Akasimama na mguu mmoja ndani ya mlango, dereva akilalamika, mpaka mimi, Gogo na magoti yake tulipofika. Kisha akaenda zake. Hakusubiri hata niseme asante.

Nimelifikiria sana jambo hilo. Sisi tunaanza na kicheko, na msaada utafuata kama upo. Wale wanaanza na sanduku.

Supu ya Vlasta

Ndani ya basi Gogo alivua kitambaa cha kichwa, akakivaa, akakivua. Miaka zaidi ya hamsini. Mimi nilikuwa nimeshaandaa leso. Kwetu Uvira, Kongo, ndugu akirudi baada ya miaka miwili tu, vigelegele vinasikika mpaka ng'ambo ya pili ya ziwa.

Vlasta alikuwa amesimama kwenye geti, aproni kiunoni, mwembamba, nywele fupi nyeupe. Alimtazama dada yake kuanzia viatu kwenda juu.

"Umechelewa," akasema. "Supu imepoa."

"Kulikuwa na ukungu," Gogo akajibu.

"Niliona."

Akageuka, tukamfuata ndani. Ndiyo ilikuwa karibu yetu, na Gogo ndiye aliyenitafsiria baadaye, maana Vlasta hajui Kiingereza. Leso nikairudisha mfukoni.

Mlangoni kulikuwa na ndara jozi tatu zimepangwa. Nilipompa maua, Vlasta aliyahesabu kwa macho. Akachomoa moja, akaliweka peke yake kwenye glasi jikoni, yale kumi na moja akayatia kwenye chombo mezani. Usiku Gogo akanieleza, akijizuia kucheka: maua ya idadi inayogawanyika kwa mbili hupelekwa makaburini. Nikakumbuka mkono wa yule muuza maua.

Supu ilikuwa imepashwa moto. Nilifumba macho nikaomba, kama nyumbani. Nilipofumbua, Vlasta alikuwa anaulizana na dada yake.

"Anauliza unafanya nini," Gogo akasema. "Nimemwambia unashukuru. Anauliza unamshukuru nani, wakati aliyepika ni yeye."

"Mwambie namshukuru na yeye."

Vlasta akafikiri. "Basi aendelee," akasema. "Supu haitaharibika."

Baada ya supu kikaja kitu kilichonifanya nikae wima. Kulikuwa na nyama kwenye mchuzi mzito, na kando yake vipande vyeupe vya unga uliochemshwa ukawa donge, ukakatwa kwa uzi. Wao wanaita knedlíky. Mimi niliona ni bugali, ndugu yake na ule wetu, na mkono wangu haukungoja uma. Nikamega, nikaviringisha, nikachovya. Niliposhtuka wote wawili walikuwa wananitazama.

"Angalau anakula," Vlasta akasema. Gogo akaniambia hiyo ni sifa kubwa sana, nisitegemee nyingine.

Cherehani karibu na dirisha

Siku mbili za kwanza kina dada waliongea mambo ya kuni, bei ya siagi na majirani waliokufa. Walienda makaburini na ndoo na brashi, wakasugua kaburi la mama yao mpaka jiwe likang'aa. Gogo alipiga magoti yake mabovu pale chini akasugua herufi moja moja. Vlasta alimletea maji safi. Hawakusema kitu, nami nikaona labda hii ndiyo itakuwa safari yote: kunyamaza vizuri.

Siku ya tatu mvua ilinyesha. Nikatoa kitenge changu. Vlasta hakusema "kizuri" wala "asante". Alikigeuza upande wa nyuma, akasugua ukingo kati ya vidole viwili, akavuta uzi mmoja akauangalia kwenye mwanga. Nikajua hapo hapo.

"Gogo, mdogo wako ni fundi."

Vlasta akatuongoza chumba cha nyuma. Karibu na dirisha kulikuwa na cherehani ya zamani ya kukanyaga, imetiwa mafuta, haina hata vumbi. Alikuwa ameshona miaka thelathini na tano kwenye kiwanda cha makoti. Akanionyesha matundu ya vifungo aliyoyashona kwa mkono, na ninyi mnanijua, kwenye matundu ya vifungo simsifu mtu ovyo. Nilifurahi kama niliyekutana na mtu wa kwetu.

"Muulize nani alimfundisha," nikamwambia Gogo. Niliuliza kwa nia njema tu.

Gogo akauliza. Vlasta akaweka kitambaa chini. Akamtazama dada yake, si mimi, akasema sentensi ndefu, kisha akasema, "Mtafsirie."

Gogo akageukia dirisha.

"Mtafsirie mgeni wako. Ameuliza."

Gogo akaanza kunitafsiria, akitazama sakafu. Alisema kama wanavyosema wakalimani, kwa "mimi".

"Sikuchagua kushona. Nilikuwa wa kwanza darasani. Nilikuwa nimepata nafasi ya kusomea udaktari, barua nilikuwa nayo mkononi. Kisha dada yangu akakimbia nchi." Akavua miwani, akaifuta. Vlasta akamngoja. "Familia ya mtu aliyekimbia haikusomeshwa. Walinifutia nafasi, wakanipeleka kiwandani. Kiwandani kulikuwa na mama mmoja mkali, ndiye aliyenifundisha."

"Endelea," Vlasta akasema.

"Dada yangu hakujua, kwa sababu sikumwambia. Mama alinikataza nisiandike. Na mama alipofariki, nilikuwa nimeshazoea kutomwambia."

Gogo alimaliza kutafsiri, akabaki ameshika ukingo wa meza. Mimi nilitamani sakafu ipasuke. Nilikuwa nimeuliza swali la kifundi, na nyumba ya watu imefunguka mbele yangu.

Hakuna aliyelia. Vlasta alisema anakwenda kumenya viazi. Baada ya muda Gogo akamfuata. Nilisikia visu viwili vikimenya, na hapakuwa na sauti nyingine mpaka chakula kilipoiva.

Msituni

Asubuhi kabla jua halijatoka Vlasta aligonga milango yetu. "Mvua imekatika," alisema. Hiyo ilikuwa na maana ya kuvaa buti.

Nilidhani tutakuwa peke yetu. Eish, kijiji kizima kilikuwa msituni. Wazee, vijana, daktari wa meno, kila mtu na kikapu na kisu kidogo, wametawanyika kwenye misonobari wakitazama chini. Vlasta alipokutana na jirani yake, wote wawili walifunika vikapu vyao kwa vitambaa kwanza, ndipo wakasalimiana. Kila mmoja akasema hajapata kitu. Wakaagana. Kikapu cha Vlasta kilikuwa nusu.

Mimi niliokota mmoja mwekundu wenye madoa meupe, mzuri kama wa kuchorwa. Vlasta alinipiga kofi la mkono, uyoga ukaanguka; kumbe ule ni wa sumu. Tangu hapo niliokota na kumwonyesha kila mmoja, naye akitikisa kichwa au kuguna. Tulielewana vizuri sana.

Magoti ya Gogo yalikubali kwa saa moja. Kisha akakaa kwenye gogo la mti. Vlasta akakaa kando yake, mimi nikajifanya natafuta karibu. Yaliyosemwa Gogo alinisimulia jioni, nami nayaandika kwa ruhusa yake.

Gogo alisema, "Vlasta, nisamehe."

"Sogeza mguu," Vlasta akamjibu. "Unaukanyaga."

Kweli, ulikuwepo uyoga mkubwa chini ya buti yake. Vlasta akaukata, akausafisha kwa kisu, akautia kikapuni. Ndipo akasema kwamba kuna kijana aliyekuwa nyuma yake darasani, ambaye ndiye aliyekwenda kusomea udaktari. Akarudi kuwa daktari wa kijiji hicho hicho. Miaka yote hiyo kila Vlasta alipoumwa, alikaa mbele ya mtu yule akamtolea ulimi.

"Mwaka huu amestaafu," alisema. "Amekuja daktari mpya, msichana. Nikaenda na kikohozi changu, nikarudi nyumbani, nikatafuta hasira niliyokuwa nayo kwako. Sikuiona. Nilikaa jikoni sijui nifanye nini. Basi nikakuandikia."

"Uliandika habari za uyoga."

"Ulikuwa mwingi," Vlasta akasema. "Ungependa nikudanganye?"

Hapo ndipo nilipowasikia wanacheka. Nilikuwa nyuma ya mti, na kwanza nilidhani Gogo ameanguka. Walicheka mpaka Vlasta akashika mbavu, na nilimsikia akimwita dada yake "Hanička", jina ambalo sikuwa nimelisikia kabla.

Kitambaa cha bluu

Wiki ya pili ilikuwa nzuri, na mambo mazuri hayana masimulizi marefu. Tulikausha uyoga kwenye magazeti. Wamama Wacheki walikuja kuniangalia, wakaniuliza kama Johannesburg kuna baridi, wakakataa kuamini kuwa ipo. Jirani mmoja alinirekebishia mkanda wa sanduku langu bila kuombwa, akaniambia umetengenezwa vibaya. Nilianza kuipenda ile tabia yao ya kutokupamba. Nikikosea wananiambia, wasiponiambia najua nimepatia.

Jumatatu baridi ikaingia. Gogo alikuja mezani amevaa sweta mbili na shali. Vlasta akamtazama, akapanda ngazi, akashuka na kitambaa cha sufu cha bluu iliyoiva, kizito, aina ambayo siku hizi hupati. Alikuwa amekitunza miaka mingi. Akanipa mkasi, akajionyesha yeye kwenye cherehani. Mimi nikate, yeye ashone.

Tukamsimamisha Gogo kwenye stuli, nikampima. Mimi na Vlasta tulibishana juu ya kola kwa mikono na nyuso, na alishinda yeye. Jumanne alasiri nilikuwa nimemaliza kukata bitana, naye alikuwa na mgongo wa koti chini ya sindano. Mikono ilikuwa bado, mifuko bado, pindo na matundu ya vifungo bado. Ndege yetu ilikuwa Alhamisi. Kazi ya koti naijua, nikaona si uaminifu kunyamaza.

"Gogo," nikasema, "mwambie koti hili halitakwisha kabla ya Alhamisi. Labda wiki tatu, kwa mkono wake ule."

Gogo alikuwa bado juu ya stuli, pini mabegani. Aliniomba nirudie, ingawa alikuwa amenisikia. Nikarudia. Akageuka akamtafsiria mdogo wake, polepole, kila neno.

Vlasta hakuinua macho kutoka kwenye kitambaa.

"Vím," akasema.

Neno hilo nilikuwa nimeshajifunza. Maana yake ni "najua". Akakanyaga pedali, sindano ikaendelea.

Gogo alishuka kwenye stuli akinishika bega. Akakaa kwenye kiti karibu na dirisha, pini bado ziko mabegani, akaniambia funguo za nyumba yake ya Bezuidenhout Valley ziko kwa jirani wa kulia, na kwamba nimwambie asimwagilie sana maua ya mbele.

Alhamisi nilipanda basi la Tábor peke yangu.